Tupewe njia katika mikoko ya Kunduchi

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu mikoko ya Kunduchi, wilayani Kinondoni.

Kisheria mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi. Kuanzia Septemba hadi Aprili, maji yakikupwa, vitwitwi na sululu kutoka Ulaya na Asia huja kula pale topeni. Lakini mwananchi anayetaka kuwaona hana njia. Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu. Tulikanyaga miche ya mikoko, na ndege wakaruka kabla hatujawatazama.

Wapo wasemao kuwa kufungua njia ni kuwakaribisha wakata miti. Mimi sikubaliani nao. Mkata miti wa wizi hapendi mahali penye macho ya watu. Kule Gazi, nchini Kenya, akina mama wanaendesha njia ya mbao ndani ya mikoko, na kiingilio husaidia kijiji chao.

Nawaomba wahusika wa misitu na Manispaa wakae na wavuvi na vijana wa Kunduchi, tupate njia moja tu. Watoto wetu watalindaje wasichokijua?

Mwananchi,
Kunduchi, Dar es Salaam.