Kansa si Ugonjwa Mmoja

Yapo maneno matatu yaliyomponza mama yangu mkubwa, nayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Maneno yenyewe ni haya: "kansa ile ile."

Miaka mitatu iliyopita alianza kutoka damu wakati usio wake. Muuguzi alipompima alimwambia kuwa yamkini ni kansa ya mlango wa kizazi, akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Jioni ile wazee walikaa barazani kwetu Ilagala, wakamkumbuka jirani aliyekuwa na kansa ya ini, jinsi alivyouza mtumbwi na nyavu zake, na asimalize miezi mitatu. Wakasema, kansa ile ile, ya nini kupoteza mali? Basi mama mkubwa akabaki nyumbani akinywa mizizi kwa muda wa miezi tisa. Alipofikishwa Dar es Salaam akaambiwa kuwa amechelewa. Tulimzika mwaka jana, na mimi nilikuwa likizo.

Siwalaumu wazee wangu, maana walisema walilolijua. Lakini watu hao hao wamevua katika Ziwa Tanganyika tangu utoto wao, na hapana hata mmoja aendaye sokoni kuuliza bei ya "samaki." Atauliza dagaa, au mgebuka, au kuhe, kwa kuwa kila mmoja ana wavu wake na bei yake. Kwa nini basi maradhi zaidi ya mia moja tuyape jina moja, kisha tuyaogope kwa hofu moja?

Saratani ni neno la Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule mnyama wa majini mwenye magando. Jambo linalozifanya kansa zote ziwe ukoo mmoja ni hili: seli za mwili huacha kutii, hujigawa bila kukoma, na huweza kuhamia mahali pengine. Baada ya hapo kila moja hushika njia yake. Wataalamu huzigawa kwa mahali zinapoanzia. Zile zinazoanza katika ngozi na katika tabaka zinazofunika viungo, kama vile matiti, utumbo na mapafu, huitwa kasinoma, nazo ndizo nyingi kupita zote. Za mifupa na misuli ni sakoma. Za tezi za limfu ni limfoma. Ya damu ni lukemia, na hiyo kwa kawaida haina uvimbe wa kukata, kwa hiyo kisu cha daktari hakiwezi kuiondoa. Tena kansa ya titi ikihamia katika mfupa haigeuki kuwa kansa ya mfupa; ni ya titi bado, na dawa yake ni ya titi.

Hata mgawanyo huo hautoshi. Ya jirani yetu na ya mama mkubwa zote mbili ni kasinoma, lakini tazameni zilivyo mbali. Kansa ya ini huku Afrika mara nyingi hutokana na virusi vya homa ya ini ya aina B, au na sumu ya kuvu iotayo katika karanga na mahindi yaliyowekwa na unyevu. Hukua kimya chini ya mbavu, na wengi huijua tumbo likiwa limekwisha vimba. Ile ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi kingine, HPV, nayo huenda mwendo wa kobe: tangu kirusi kuingia mpaka kuwa kansa, mara nyingi hupita miaka 10 hata 20. Katika muda huo wote muuguzi aweza kupaka siki, ya namna ile ile ya jikoni, akaona doa jeupe na kuliondoa kabla halijawa kansa. Hata ikiwa imekwisha kuwa kansa, ikikutwa mapema hutibika kwa kupasuliwa au kwa mionzi. Barua ya mama mkubwa ilikuwa na maana hiyo. Wazee waliisoma kama barua ya jirani.

Tena msidhani kuwa iendayo polepole ndiyo peke yake iponayo. Mwaka 1957 Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka 1958 aliandika habari za uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kuukuu, maili 10,000 hivi, toka Uganda mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa huo hukaa katika nchi za joto na mvua, palipo na malaria nyingi, yaani nchi kama hizi zetu. Mwaka 1964 huko London, Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi chake. Limfoma hiyo huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili! Lakini dawa nyingi za kansa huua zaidi seli zinazojigawa upesi, na kwa hiyo watoto wengi wamepona kwa dawa tu. Mtoto akivimba taya, ati ni jino au amerogwa, siku moja ya kungoja si jambo dogo.

Hapa niseme neno kuhusu wenzetu wenye ualbino. Kansa yao ni ya ngozi, na chanzo chake ni jua, ambalo kila mtu analiona. Sioni kwa nini sheria za sare ziwakataze kofia pana mstarini na shambani. Hilo halihitaji fedha ya serikali.

Mwenzangu wa bweni alinipinga. "Hata ukijua jina lake," alisema, "nauli utaipata wapi?" Ni kweli, toka Kigoma hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, ingawa siku hizi Bugando, Mwanza, nako hutibu kwa mionzi. Simbishii. Lakini nauli ya Dar es Salaam sisi tuliitoa. Tuliitoa mwisho, baada ya kuwalipa waganga wa mizizi.

Chanjo ya HPV ilianza nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mimi nilichomwa mara mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wako wazazi waliowaficha binti zao siku ile, kwa kusikia kuwa itawaharibu kizazi. Mdogo wangu ametimiza miaka 9 mwezi uliopita. Baba bado anasitasita. Mama amesema atampeleka mwenyewe.

Mwanafunzi, Kidato cha IV