Kama una siku moja tu Ufaransa, Versailles iache

  Leo nimekuja na ugomvi, na najua wengi wenu mtakuwa upande wa pili.

Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye Mlimani anakwenda Paris mwezi ujao kwenye semina. Siku nne atakuwa amefungiwa ukumbini, ya tano, Jumamosi, ni yake. Kaniandikia: "Mzee, Jumamosi naenda Versailles, nikuletee nini?" Mnaona? Hakuuliza aende wapi. Hilo kwake halikuwa swali. Nikamjibu kwa neno moja: usiende. Dakika mbili baadaye simu ikalia, anataka kujua kama nina homa.

Niliyomwambia kwenye simu ndiyo haya, ila hapa sina wasiwasi wa salio.

Versailles ni kubwa, sibishi. Ule Ukumbi wa Vioo peke yake una urefu wa mita 73 na vioo 357. Ukijumlisha bustani, mifereji na misitu unapata kama hekta 800. Sasa chukua hekta 800, mimina humo wageni wanaohesabiwa kwa mamilioni kila mwaka, halafu mpe mtu mmoja siku moja. Atafanya nini? Atafuata mkondo. Chumba kinaingia chumba, dhahabu juu ya dhahabu, na mbele yako kuna kisogo cha mtu aliyeinua simu. Ukija kutoka bustanini miguu imeshachoka, unautazama ule mfereji mkubwa kwa mbali, unasema nimeuona, unarudi kwenye treni.

Nasema hivi kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi. Safari yangu ya kwanza nilikwenda Versailles kwa kuwa jina nililijua. Nilirudi Dar na picha zaidi ya 200. Mama akaniuliza, haya tuambie, kukoje? Nikamwambia ni kukubwa. Akangoja niendelee. Sikuwa na la kuendelea.

Safari ya pili mwenyeji wangu akanipeleka Vaux-le-Vicomte, na tangu siku hiyo nimekuwa mbishi.

Vaux iko kilomita kama 55 kusini-mashariki ya Paris, jirani na mji wa Melun. Simama kwenye ngazi za nyuma za kasri, tazama bustani. Unaiona yote mpaka mwisho: vichaka vilivyokatwa kwa nakshi kama zulia, madimbwi ya maji, ukuta wenye mapango, na juu ya kilima sanamu ya Hercules inang'aa. Unajisemea, dakika kumi nimemaliza. Unaanza kutembea. Mbona dimbwi lile la mwisho ni kubwa hivi? Na yale mapango niliyoona yako ukingoni kabisa mwa dimbwi, mbona yanazidi kurudi nyuma? Halafu ghafla ardhi inateremka mbele ya miguu yako, na hapo pana mfereji wa karibu kilomita moja umelala kukingama njia. Ulikuwepo muda wote, wala hukuuona. Mapango yako ng'ambo. Inabidi uzunguke.

Si uchawi, ni hesabu. André Le Nôtre aliyeichora bustani hiyo aliteremsha ardhi hatua kwa hatua, na vya mbali akavifanya vikubwa kuliko vya karibu, ili jicho lidhani umbali ni mfupi. Miaka ya 1650 hiyo, hakuna kompyuta. Bustani inakudanganya, halafu inakuonyesha jinsi ilivyokudanganya, na yote unayamaliza kwa mguu, kwa asubuhi moja. Ndiyo maana naiita bustani ya mtu mwenye siku moja.

Lakini hata bustani isingekuwepo ningewatuma Vaux kwa ajili ya stori ya mwenye nyumba.

Nicolas Fouquet alikuwa msimamizi mkuu wa fedha wa mfalme Louis wa 14, waziri wa fedha tuseme. Aliijenga Vaux kwa kutumia watu watatu: Louis Le Vau kwenye majengo, Charles Le Brun kwenye michoro na mapambo, Le Nôtre kwenye bustani. Tarehe 17 Agosti 1661 akamkaribisha mfalme, kijana wa miaka 22, kwenye karamu. Chakula, mchezo mpya wa Molière, fataki. Siku 19 baadaye Fouquet akakamatwa Nantes, na aliyemkamata ni d'Artagnan, yule wa kweli, ambaye wengi wetu tunamjua kwa sinema. Kesi ikaenda miaka mitatu. Majaji walio wengi wakataka afukuzwe nchini. Mfalme akaona hukumu ndogo, akaigeuza kifungo cha maisha. Fouquet alifia gerezani Pignerol mwaka 1680.

Najua mtasema safi sana, fisadi kapatikana. Subirini. Colbert aliyekuwa nyuma ya kesi ile alikuwa mtunza mali wa Kardinali Mazarin, waziri mkuu aliyekufa Machi ya mwaka huohuo 1661 akiacha utajiri uliompita Fouquet kwa mbali. Za huyo hazikuchunguzwa. Na karamu watu huitaja kama ndiyo iliyomponza Fouquet, kumbe mfalme alishaamua kumwangusha hata kabla ya kula chakula chake. Halafu huyo mfalme aliyechukizwa na anasa akachukua michungwa ya Vaux, akachukua sanamu, akachukua mazulia ya ukutani, mwisho akawachukua Le Vau, Le Brun na Le Nôtre wenyewe na kuwapa kazi. Kazi gani? Versailles.

Hivi, msomaji wangu, stori hii hujaisikia mahali pengine kwa majina mengine? Mimi katika kazi hii nimeisikia mara nyingi mno. Mtu akianzia Versailles anaona utukufu. Akianzia Vaux anaona ulikotoka.

Wapo watakaoniambia habari za bonde la Loire, maana mabasi ya watalii yanauza makasri matatu kwa siku moja kutoka Paris. Hapo napandisha sauti kabisa. Makasri matatu kwa siku ni kutembelea maegesho matatu ya mabasi. Kama ni Loire, chagua moja, na mimi ningekwenda Villandry, treni ya kasi hadi Tours ni saa moja na kitu. Bustani yake maarufu ni ya mboga! Viwanja tisa vya kabichi na wenzake, kila kimoja na michoro yake, rangi zimepangwa kama kitenge. Joachim Carvallo, Mhispania, na mkewe Mmarekani Ann Coleman walilinunua kasri hilo mwaka 1906 na kuzirudisha bustani hizo. Bibi yangu wa Lushoto angeielewa Villandry kuliko Versailles nzima. Chantilly nayo ni nzuri kwa wapenda picha za kuchora na farasi, treni dakika 25 tu. Fontainebleau sawa. Tuendelee.

Na msisahau pesa. Viza ya Schengen imekuwa euro 90 tangu 2024, na mwaka 2026 Versailles na Chambord zimeanza kuwatoza wageni wasio wa Ulaya bei ya juu zaidi. (Msilalamike. Serengeti kwetu mgeni analipa kiasi gani?) Mtu aliyelipa yote hayo anastahili kurudi na kitu cha kumwambia mama yake.

Basi nikadhani nimeshinda. Nikamwambia rafiki yangu, nitajie sababu moja ya Versailles isiyo picha. Akanyamaza. Nikafanya kosa la kumtajia mwenyewe.

Tarehe 28 Juni 1919, katika ule ule Ukumbi wa Vioo, Ujerumani ilisaini mkataba uliomaliza vita na kuipokonya makoloni yake. Kwa mkataba ule Wajerumani waliondoka rasmi kwetu, Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, Ruanda-Urundi kwa Wabelgiji. Na humo ndani kuna kifungu cha 246, kinachoitaka Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza, ndani ya miezi sita, fuvu la Sultani Mkwawa. Miezi sita ikapita, na miaka ikapita. Fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954.

Rafiki yangu huyu ni Mhehe. Kazaliwa Iringa, makumbusho ya Kalenga alipelekwa na shule, fuvu kaliona kwa macho yake. Mkataba wa Versailles aliukariri kwa ajili ya mtihani, sababu tano na matokeo sita. Hakuna mwalimu aliyemwambia kwamba Mkwawa yumo ndani. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

Kwa hiyo narekebisha kidogo. Ukienda Versailles kusimama katika chumba kile kwa sababu hiyo, nenda, sina neno. Ninyi wengine mnaokwenda kwa kuwa jina mnalijua, msimamo wangu uko palepale.

Treni ya Melun inatoka Gare de Lyon, nusu saa hivi, kisha kilomita kama 6 kwa teksi au basi. Ratiba ya basi itazame kabla hujatoka hotelini, na sehemu ya majira ya baridi kasri hufungwa. Jumamosi za kiangazi jioni huwasha mishumaa ipatayo 2,000, ila panga kwanza utarudije mjini. Vaa viatu vya kutembea, siyo vile vya picha. Versailles ni RER C, Jumatatu kasri halifunguliwi. Mpaka naandika haya jamaa hajaniambia kachagua lipi.