Tura: Mzigo Ambao Bado Haujatuliwa

Jina la Tura lina historia ndefu. Burton, aliyepita hapa mwaka 1857, alielezwa kwamba maana yake ni kutua mzigo, kwa kuwa misafara iliyotoka pwani ilipumzika hapa baada ya kulivuka pori la Mgunda Mkali. Wapagazi wa pembe hawapo tena. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 iliichukua kazi yao. Amebaki mpagazi mmoja aliyesahauliwa, naye ni mama arudiye kutoka msituni na kuni kichwani.

Tunaambiwa kwamba umeme umevifikia vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Hatubishi. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, unastahili shukrani. Lakini kijiji si nguzo. Katika Uyui, kitongoji chaweza kuwa mwendo mrefu wa baiskeli kutoka ofisi ya kijiji. Na aliyelipa shilingi 27,000 za kuunganishwa bado atafute nyaya na fundi. Hata taa ikiwaka sebuleni, jikoni mna mafiga matatu na moshi uleule.

Hapo ndipo sera zetu zinapopingana zenyewe kwa zenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka Watanzania 80 katika kila 100 wapikie nishati safi ifikapo 2034. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Mtu angetazamia kwamba umeme huo wa maji utaelekezwa jikoni. Badala yake maskini anauziwa mtungi wa gesi kwa ruzuku. Gesi hiyo huletwa kwa meli kutoka ng'ambo, wala si nishati jadidifu, na ikiisha mama huachwa peke yake na bei ya duka. (Mtungi mtupu hufaa kuwa kigoda, nimekwisha kukaribishwa juu yake.)

Wakati huohuo, jungu la presha la umeme huivisha maharage ya familia bila kumaliza uniti moja. Lakini tazameni bei zilizotangazwa mwaka 2016: mtumiaji mdogo alitozwa shilingi 100 kwa uniti, na akivuka uniti 75 kwa mwezi, kila uniti ya ziada ikawa shilingi 350. Anayewasha taa husaidiwa. Anayethubutu kupika huadhibiwa. Je, hiyo ni sera ya kumtoa mama msituni, au ya kumrudisha? Uniti za kupikia zilindwe kwa bei ya mnyonge, na ruzuku ya mtungi imfuate hadi kwenye jungu la umeme.

Wala tusimtwishe mama lawama yote ya miombo inayoteketea. Mabani ya tumbaku hula magogo usiku na mchana. Mnunuzi hulipia jani. Gogo lililolikausha hulipiwa na nani?

Mafundisho jamii ya Kanisa yana kanuni ya auni: linalowezwa na jumuiya ndogo lisiporwe na kubwa. Vitongoji vya mbali visingojeshwe nguzo mwaka baada ya mwaka. Huko Kishapu, kwa jirani zetu wa Shinyanga, Serikali yenyewe imeanzisha mradi wa umeme wa jua unaokusudiwa kufikia megawati 150. Kama jua linaitosha gridi ya Taifa, linatosha pia kitongoji cha Tura, mradi wananchi wapewe mkopo nafuu wa paneli na betri kupitia ushirika wao, na vijana wenyeji wafundishwe kuzitengeneza.

Nasi tusijifanye watakatifu. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kuanzia mwaka 2024. Majiko mangapi ya shule na seminari zetu yangali yanachochewa kwa magogo?

Mkutano mkuu wa kijiji utakapoitishwa, akina mama wakae mbele. Mgeni kutoka wizarani asiulizwe ni nguzo ngapi zimesimama. Aulizwe ni sufuria ngapi ziliivishwa kwa umeme Tura mwezi uliopita, na kwa bei gani.