Ramani ya Maradhi ya Mifugo Ianzie Zizini

Wapo watendaji wanaoamini kwamba mfumo wa ramani za afya ya mifugo kwenye intaneti hukamilika siku kompyuta zinapozinduliwa ofisini kwa hotuba na makofi. Kasumba hiyo haina budi kupigwa vita. Ramani haitibu ng'ombe.

Homa ya Bonde la Ufa ni ushahidi wa kutosha. Mayai ya mbu waenezao virusi vyake huweza kukaa ardhini miaka mingi yakingoja mafuriko. Ndiyo sababu wanasayansi wanaochunguza bahari, mvua na uoto kwa setilaiti waliweza kutoa tahadhari kuhusu Afrika Mashariki mwaka 2006, kabla wagonjwa wa kwanza hawajatambuliwa nchini Kenya mwezi Desemba. Hata hivyo, mapema mwaka 2007 ugonjwa ulikwisha zuka Tanzania pia. Mkoa wa Dodoma uliumia vibaya: mifugo ilitupa mimba, na watu walipoteza maisha. Ramani zilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha tahadhari zizini wakati chanjo ingali na manufaa, maana mbu wakishazagaa, chanjo imechelewa.

Basi anayepanga mfumo wa namna hii aanze na afisa mifugo wa kata, aliye juu ya pikipiki mahali pasipo na mtandao. Simu yake iweze kuhifadhi taarifa hadi atakapoupata. Maswali yawe machache, tena ya Kiswahili. Orodha ya vijiji iwe moja kwa wizara zote. Jambo hili huonekana dogo kwa asiyewahi kuchora ramani. Na mfugaji anayehama je? Huandikwa kijiji alikosajiliwa, ilhali ng'ombe wake wako mbuga nyingine kabisa, na dawa hupelekwa kusiko na mgonjwa.

Lakini kosa baya kuliko yote ni urasimu wa kupokea tu. Taarifa hupanda kutoka kata hadi wilaya, mkoa na wizara, wala hairudi. Mfugaji aliyeripoti vifo vya ndama haambiwi majibu ya maabara; anachokiona ni mnada kufungwa. Safari nyingine atanyamaza, na ukimya wake utachorwa ramanini kuwa ni afya njema.

Kabla fedha za seva hazijaidhinishwa, wahusika waeleze ni nani atakayempelekea mfugaji huyo majibu, kwa siku ngapi, na kwa fungu lipi.