Fremu ya Kaboni: Wepesi si Uimara

Aghalabu mnunuzi wa baiskeli ya milimani huinyanyua fremu ya kaboni ya bei nafuu, akastaajabia wepesi wake, akalipa. Huko ni kununua kitabu kwa ratili. Waama, fremu hupimwa kwanza kwa umbo. Katika miaka ya 1990 pembe ya shingo ilikaribia digrii 71. Leo nyingi ni kati ya 65 na 68. Shingo iliyolala hulisogeza gurudumu mbele, baiskeli ikatulia mteremkoni. Pili, uimara. Kaboni ni matabaka ya nyuzi yaliyogandishwa kwa gundi. Haichoki upesi kama alumini, lakini pigo la jiwe laweza kuyatenga matabaka hayo ndani kwa ndani, rangi isionyeshe ufa. Wala fundi wa jua kali, aliyezoea kuchomelea chuma cha Black Mamba, hawezi kuiunga kwa moto.

Kwa hivyo mnunuzi aulizie pembe, na majaribio ya kiwango cha ISO 4210, kabla ya kuulizia uzito. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni hapa: istilahi. Ataiulizia vipi pembe asiyeijua jina lake?