Shukrani kwa Waliolipa Nauli

Yatajwapo madai ya ardhi ya Wameru wa Tanganyika, aghalabu husifiwa Kirilo Japhet, na sifa hiyo ni haki yake; kwani mwaka 1952, baada ya watu wapatao 3,000 kuondoshwa kwa nguvu Ngare Nanyuki mwezi wa Novemba 1951, nyumba zao zikateketezwa ili nchi wapewe walowezi wa Kizungu, alisafiri hadi New York akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuwatetea jamaa zake. Lakini nauli ile ilitoka wapi? Ilitoka kwa wakulima na wafugaji wa miteremko ya Mlima Meru, waliochanga shilingi kwa shilingi, hali baadhi yao wamekwisha kunyang'anywa malisho na paa la kujistiri, wala hapakuwa na dhamana yoyote kwamba safari ingeleta tija. Na kweli, Baraza Kuu la Umoja huo lilipopiga kura juu ya madai hayo, theluthi mbili hazikutimia. Hata hivyo njia ilikwisha kufyekwa, naye Mwalimu Nyerere akaipita mwaka 1955, akaenda mbele ya Baraza lile lile la Udhamini.

Shukrani zetu, basi, ni kwa wachangaji hao, ambao taarikh imewasahau kwa wepesi wa ajabu. Twaiomba Makumbusho ya Azimio la Arusha ikusanye majina yao, tarafa kwa tarafa, kabla wazee wachache waliosalia hawajatutoka. Jina la msemaji li vitabuni tayari, ila walipaji hawana hata karatasi ukutani.