Filamu ya mbwa inayotufaa iko pale Uwanja wa Moi

Kwa zaidi ya miaka 80 sinema za mbwa na binadamu wake zimekuwa zikiwaliza watoto na wazazi walioketi pamoja. Lassie Come Home ilitoka mwaka 1943, Hachi ikaja 2009, na juzijuzi tu, mwaka 2024, ikatoka Arthur the King. Familia za wadi ya Airport, kule Changamwe, nazo huziona kwenye runinga na kwenye simu, ila huziona kama mambo ya watu wengine. Katika nyingi ya filamu hizo mbwa hulala kitandani na mtoto na kumlamba usoni, na mzazi wa Pwani akiona hivyo hubadilisha idhaa. Simlaumu. Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumepoteza kitu, maana hadithi ya mbwa na mwenzake binadamu ambayo ingekubalika sebuleni kwetu ipo, nayo iko ndani ya wadi hiyo hiyo. Ni hadithi ya mbwa wa kunusa wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi na askari wanaofanya nao kazi. Wasanii wetu wa filamu wanapaswa kuisimulia, kwa Kiswahili.

Shirika la Wanyamapori, KWS, limeweka mbwa wa kunusa katika uwanja wa Jomo Kenyatta, uwanja wa Moi na Bandari ya Mombasa. Walitakiwa hasa huku kwetu, kwani katika muongo uliopita bandari yetu ilitajwa kimataifa kuwa moja ya milango mikubwa ya kutorosha pembe za ndovu barani Afrika. Tangu 2014 wakfu wa African Wildlife Foundation umekuwa ukisaidia kufunza mbwa na askari wao huko Usa River, karibu na Arusha. Mbwa hufunzwa kutambua harufu ya pembe za ndovu, pembe za kifaru au magamba ya kakakuona, hata zikifichwa katikati ya majani chai au mbao. Akigundua, huketi au hutulia, na malipo yake ni mpira wa kuchezea. Bandarini umewahi kujaribiwa utaratibu wa kuvuta hewa kutoka ndani ya kontena kwa mashine, ikanaswa kwenye kichujio, kisha mbwa akapelekewa kichujio akinuse mahali penye ubaridi badala ya kuhangaika juani. Hapo pana kazi, hatari, ujanja wa wahalifu, na urafiki wa viumbe wawili ambao kila mmoja hawezi kitu bila mwenzake. Mwandishi wa filamu anataka nini zaidi?

Wapo watakaosema kwamba uwanja wa ndege hauwezi kuzaa hadithi ya kugusa moyo. Wajapani walishatoa jawabu. Mbwa Hachiko alikuwa akimpokea bwana wake, Profesa Hidesaburo Ueno, katika stesheni ya treni ya Shibuya, Tokyo. Profesa alifariki mwaka 1925, lakini mbwa aliendelea kufika stesheni hadi kifo chake mwaka 1935. Japani ilitengeneza filamu yake mwaka 1987, na Marekani ikaichukua hadithi hiyo hiyo ikaifanya yake miaka 22 baadaye. Stesheni ya abiria wa kawaida, wenye haraka zao, iliupa ulimwengu kisa hicho kwa sababu kulikuwa na watu walioona kwamba kinafaa kusimuliwa.

Pingamizi zito zaidi ni la dini, na halifai kupitiwa juu juu. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi na kutaka chombo alichokilamba kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Wahenga nao wametuonya kwamba mchezea mbwa humfuata msikitini. Lakini dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo na shamba, na Surat al-Maida inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa. Mbwa ametajwa pamoja na watu wa pangoni katika Surat al-Kahf, na kila mtoto wa madrasa amesikia habari za mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo mbwa mwenye kazi na mwenye mafunzo hana ugeni katika maadili yetu. Filamu ya uwanja wa Moi haitamwomba mzazi yeyote amlaze mbwa chumbani. Itamwomba amheshimu mfanyakazi.

Wengine watataja kichaa cha mbwa, na wana haki. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na watoto ni sehemu kubwa ya waathiriwa. Kenya ina mkakati wa kuutokomeza ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Chanjo hiyo haiwezi kufika mitaani iwapo mbwa hujulikana kwa kupigwa mawe tu, maana mbwa asiye na wa kumshika hachanjwi. Mtoto aliyeona kwenye filamu jinsi askari anavyomkaribia mbwa wake, anavyompa maji na kumpeleka kwa daktari wa mifugo, amejifunza usalama wake mwenyewe.

Wala tusidharau nguvu ya sinema. Mwaka 2014 watafiti watatu walichapisha katika jarida la PLOS ONE uchunguzi wa filamu 87 zenye mbwa, wakaona kwamba filamu moja yaweza kuathiri aina ya mbwa wanaopendwa Marekani kwa hadi miaka 10. Baada ya Lassie, usajili wa mbwa wa aina ile uliongezeka kwa asilimia 40 katika miaka miwili. Nguvu hiyo ina madhara yake pia, kwani anayenunua mbwa kwa kuvutiwa na filamu anaweza kumtupa akichoka. Ndiyo maana filamu yetu imwonyeshe mbwa kama jukumu, lenye gharama na nidhamu.

Kuhusu uwezo na fedha, Supa Modo ya Likarion Wainaina ilithibitisha mwaka 2018 kwamba filamu ya familia, yenye mazungumzo ya Kiswahili, inaweza kutoka Kenya ikafika tamasha la Berlin. Tume ya Filamu ya Kenya na serikali ya kaunti ya Mombasa zikae na KWS, ziwafungulie milango waandishi na waongozaji vijana wa Changamwe, Likoni na Kisauni, na zitenge bajeti ya kuanzia. Mbwa wapo, askari wapo, na uwanja uko pale pale. Kilichobaki ni sisi kuamua kuisimulia hadithi hii kabla mgeni hajaja kutusimulia.